Baiskeli ya Mwanachama: Vifaa Vyake na Mwendo Wake Barabarani

(Hotuba iliyotolewa kwenye semina ya makatibu wa vyama vya msingi kabla ya msimu wa ununuzi wa pamba)



Nilipoombwa na Kamati ya Elimu kuzungumza nanyi asubuhi hii nilidhani nitapewa somo la daftari la mapokezi au la ukaguzi wa mizani, kwa kuwa hayo ndiyo nimeyafundisha kwa miaka mingi. Badala yake nimetakiwa niseme juu ya baiskeli. Naona baadhi yenu mnatabasamu, na sina haki ya kuwalaumu, maana hata mimi nilitabasamu. Lakini jana jioni nilizunguka nyuma ya ukumbi huu nikahesabu vyombo vilivyowaleta wajumbe. Nilikuta baiskeli 31, pikipiki 9, na gari la Chama Kikuu, ambalo lilikuwa likisukumwa. Katika baiskeli zile 31, zenye taa inayowaka zilikuwa 4. Zenye kiakisi chekundu nyuma kisichovunjika zilikuwa 7. Sikuendelea kuhesabu breki, kwani giza lilikuwa limeingia.

Ni kweli kwamba pikipiki zimeenea vijijini, na kijana akipata fedha kidogo hataki tena kukanyaga pedali. Hata hivyo mwanachama mwenye ekari mbili za pamba, ambaye hana fedha ya mafuta wala ya kumlipa mwenye bodaboda, bado huleta mazao yake kituoni kwa baiskeli. Kwa baiskeli hiyo hiyo hurudi na mbegu na dawa, huchota maji, humpeleka mtoto shule na mgonjwa zahanati. Wazee wetu waliokuwapo mwaka 1955, lilipoundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, watawaambieni kwamba baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mkulima wa pamba alivinunua kwa fedha ya mauzo. Na huko Shinyanga na Kahama watu walikwisha kuizoea kama chombo cha abiria, wakaiita daladala kama mabasi ya mjini.

Kabla sijaingia katika vifaa, sina budi kueleza jambo lililonifanya nikubali kusema hapa.

Nilipokuwa katibu wa chama cha msingi, alikuwapo mwanachama mmoja mzee, mtu wa maneno machache, ambaye shamba lake lilikuwa mbali na kituo. Siku moja ya msimu foleni ya mizani ilikuwa ndefu. Yeye aliwasili saa nane mchana, akapimiwa jua likiwa limekwisha kuzama. Nilimwandikia stakabadhi kwa mkono wangu, akaikunja akaitia mfukoni, akaniaga. Katika safari yake zilikuwamo kilometa tatu za barabara ya lami. Alivaa koti jeusi. Baiskeli yake haikuwa na taa wala kiakisi. Lori lililokuja nyuma yake lilimwona likiwa limekwisha kumfikia. Tulimzika kesho yake alasiri.

Dereva alishikwa na mambo yakaenda yalivyokwenda. Lakini mimi nilirudi ofisini nikafungua kitabu cha mihtasari. Katika vikao viwili vya kamati mwaka ule kulikuwa na pendekezo la kununua viakisi na kuwauzia wanachama kwa bei ya jumla. Katika mihtasari yote miwili, kwa mwandiko wangu mwenyewe, imeandikwa: "Hoja imeahirishwa kwa kukosa fungu." Mwaka ule ule tulinunua kufuli mpya mbili za ghala, na kufuli moja ilikuwa na bei ya viakisi kadhaa. Tuliilinda pamba vizuri sana.

Basi nasema kwa maarifa ya mtu aliyechelewa kuyapata. Mwanachama akiwa juu ya baiskeli yake, akija kwetu au akitoka kwetu, usalama wake ni sehemu ya kazi ya chama.

Nianze na taa. Lori linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Dereva aliyeshusha taa zake kwa sababu kuna gari linakuja mbele hawezi kumtambua mtu mwenye nguo nyeusi mpaka awe karibu naye, pengine mita 30 au 40. Hesabuni wenyewe: hana hata sekunde mbili, na lori lililojaa halisimami katika sekunde mbili. Kiakisi chekundu kilicho safi, kwa upande wake, hurudisha mwanga wa taa za gari kutoka umbali wa zaidi ya mita 100. Hakitumii betri wala hakihitaji fundi. Kinachohitajika ni kukifuta vumbi, kukifunga wima, na kuhakikisha kwamba mzigo haukifuniki. Hili la mwisho ndilo tunalolisahau. Nimeona baiskeli nyingi zenye kiakisi kizuri kwenye mudigadi, na juu yake gunia limening'inia likakiziba kabisa. Mwenye kubeba mzigo mpana na afunge kiakisi cha pili juu ya mzigo wenyewe, au kitambaa cheupe akikosa kingine.

Dinamo zinazosuguana na tairi bado zipo, nazo ni imara, ila zina kasoro mbili: ukisimama, taa huzima, na mvua ikinyesha huteleza juu ya mpira zikashindwa kuzunguka. Siku hizi madukani kuna taa ndogo za betri, na nyingine huchajiwa kwa mwanga wa jua, ambazo hazitegemei mwendo. Iliyo nyeupe hufungwa mbele na iliyo nyekundu nyuma. Wako vijana wanaofunga nyekundu mbele kwa mapambo. Waelezeni kwamba dereva akiona taa nyekundu hudhani chombo kinakwenda mbali naye, kumbe kinamjia.

Sasa breki. Baiskeli nyingi za kwetu, iwe Phoenix, Hero, Avon au Swala ya zamani iliyoundwa hapa nchini, hutumia breki za fito, zile zinazovuta vipande vya mpira vikabana upande wa ndani wa rimu. Ni breki za kudumu, na fundi yeyote wa chini ya mwembe anazijua. Lakini rimu za chuma zina tabia ambayo kila mpandaji inampasa kuijua: zikilowa maji, breki hupungua nguvu sana. Kwa hiyo wakati wa mvua anza kubana mapema, kidogo kidogo, ili ule mpira ufute maji kwanza, ndipo ubane kwa nguvu. Anayengoja mpaka afike darajani atavuka daraja bila kutaka.

Katika kubadilisha mipira ya breki liko kosa moja ambalo limeumiza watu. Kile kikombe cha chuma kinachoshika mpira kimezibwa upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili. Upande uliozibwa lazima uelekee kule rimu linakokimbilia. Ukifungwa kinyume, siku utakapobana kwa nguvu mpira utachomoka na kudondoka barabarani, na wewe utabaki umeshika breki ya jina tu. Tazameni leo kabla hamjaondoka.

Kuhusu cheni nitasema machache. Cheni haivutiki kama mpira, ila pini zake hulika, ikawa ndefu. Chukua rula ya shule. Kutoka pini ya kwanza mpaka pini ya 25 panapaswa kuwa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, ibadilishe, maana itakula meno ya gia na gharama itakuwa mara tatu. Vumbi likichanganyika na mafuta mengi huwa kama msasa, kwa hiyo yafaa kuifuta kwa kitambaa, kutia tone moja moja la mafuta, kisha kuifuta tena nje. Pini ya krenki, ile wengine wanayoiita kotapini, ikianza kucheza ipelekeni kwa fundi siku ile ile. Na anayetaka kufungua pedali ya kushoto akumbuke kwamba nati yake huzungushwa kinyume na ya kulia. Nimewahi kumwona mtu mzima, mwenye spana ya kuazima, akiikaza pedali hiyo kwa nusu saa akidhani anaifungua, huku akilitaja kila kabila la watengenezaji wa baiskeli.

Tairi lijazwe upepo hasa. Tairi legevu huchosha mpandaji, hupasuka ubavuni, na mzigo ukiwa mzito hubanwa kati ya jiwe na rimu, mpira wa ndani ukatobolewa matundu mawili kwa mara moja. Kwa baiskeli zenye valvu ya kizamani, ule mpira mwembamba wa valvu huharibika kwa joto. Mwenye busara huwa nao mmoja wa akiba mfukoni, pamoja na kiraka, gundi na kipande cha msasa. Kiti nacho kipimwe: ukikalia na kuweka kisigino kwenye pedali iliyo chini, mguu uwe umenyooka. Wengi hukishusha mno ili wafike ardhini kwa nyayo zote, halafu wanalalamika kwamba magoti yanauma.

Nakuja kwenye mzigo, na hapa naomba msinichoke, kwa sababu baiskeli ya mkulima ni chombo cha mzigo kwanza, cha mtu baadaye.

Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20, mbali na uzito wa dumu lenyewe. Madumu manne ni kilo 80, yaani kama kumpakia mtu mzima mnene. Uzito huu wote ukikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani ukaanza kutikisika, na breki ya mbele haina tena uzito wa kutosha wa kuishikilia ardhi. Ndiyo sababu mzigo ufungwe chini iwezekanavyo, sawa kwa pande mbili, na usogezwe mbele mpaka uguse kiti. Keria ya kawaida haikuundwa kwa kilo 80. Mnaobeba mizigo hiyo kila siku, mchomeleeni fundi aiongezee fito mbili kutoka kwenye ekseli, kama wafanyavyo wauza mkaa. Na kwenye mteremko, shukeni. Mtu akikokota baiskeli yenye gunia kwenye mteremko hapotezi heshima yake.

Pamba ina tabia yake. Ni nyepesi kuliko maji au mkaa, kwa hiyo hutudanganya tufunge mzigo mkubwa kupita kiasi. Mzigo huo hushika upepo kama tanga. Lori likipita kwa kasi, upepo wake kwanza hukusukuma nje, kisha hukuvuta ndani, na wanaovutwa ndani ndio tunaosikia habari zao. Zaidi ya hayo, mpandaji aliyefunga mzigo mrefu hawezi kuona nyuma hata akigeuza shingo. Kioo kidogo cha pembeni, cha aina ile ya pikipiki, humfaa sana mtu huyu. Kamba ziwe mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, maana haifyatuki ovyo kwenye mashimo. Ncha zake zifungwe zikaisha. Ncha moja inayoning'inia ikiingia kwenye spoki, safari imekwisha.

Hayo hayo nayasema juu ya nguo. Kanga, kitenge, koti refu, zote zikusanywe kabla ya kuondoka. Na juu ya watoto: waganga wa zahanati zetu wanakijua vizuri kidonda cha kisigino cha mtoto aliyeketishwa kwenye keria, mguu wake ukaingia katika spoki. Mtoto hawezi kuikumbuka miguu yake, hasa akisinzia. Kipande cha bati kilichokunjwa kingo, au wavu wa gunia la kitunguu uliokazwa vizuri pande zote mbili za gurudumu la nyuma, pamoja na vigingi viwili vya kukanyagia, ni kazi ya saa moja kwa fundi.

Mwendo wenyewe barabarani una kanuni ambazo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imezigusa, nami sitazirudia zote. Nitataja zile tunazozivunja kwa kujiona wajanja. Ya kwanza ni kupanda upande wa kulia "ili nilione gari linalokuja." Anayetembea kwa miguu yuko sahihi kufanya hivyo, lakini mwenye baiskeli anakwenda kwa kasi, na kasi yake inajumlishwa na ya gari. Pia kwenye njia panda hakuna dereva anayetazamia chombo kutoka upande huo. Tukae kushoto. Ya pili ni kwenda wawili wawili tukizungumza. Mazungumzo yangoje kituoni. Ya tatu ni kushikilia lori lipandalo mlima, mchezo wa vijana ambao nadhani hauhitaji maelezo.

Lakini liko jambo ambalo wengi hulidhania kuwa adabu, nalo ni kujibana mno ukingoni mwa lami. Ukingo wa lami zetu mara nyingi umemomonyoka, na kutoka lami hadi changarawe pana kina cha kiganja au zaidi. Gurudumu la mbele likiteremka hapo, huwezi kulirudisha juu bila kuanguka, na utaangukia upande wa magari. Basi acha nafasi ya hatua moja kutoka ukingoni, nenda kwa mstari ulionyooka, usiingie na kutoka kila upitapo shimo. Ukisikia gari kubwa nyuma na huna uhakika, teremka mapema ukiwa bado na hiari, simama, liache lipite. Ukitaka kukata kulia, tazama nyuma kwanza, nyoosha mkono, kisha tazama tena. Mkono peke yake hauzuii lori. Na kofia ngumu, kwa aliyejaliwa kuipata, ni ya kuvaliwa kichwani. Nimeiona moja ikitumika kubebea mayai.

Naomba dakika mbili nitoke nje ya mipaka ya wilaya yetu. Huko Ulaya iko aina ya baiskeli ambayo mpandaji wake huketi akiegemea nyuma kama aliye kwenye kiti cha uvivu, miguu ikiwa mbele na pedali mbele ya usukani. Si mchezo wa juzi. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure, juu ya baiskeli ya aina hiyo iliyoundwa na Charles Mochet, alikwenda zaidi ya kilometa 45 katika saa moja na kuipita rekodi iliyosimama tangu mwaka 1914. Mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa la mashindano likaikataza isishindane na baiskeli za kawaida, kwa kuwa mwili uliolala hukutana na upepo kidogo, na hiyo ilionekana si haki. Wapandaji wake wa leo wanajua udhaifu wao mmoja, kwamba wako chini na dereva huwapitishia macho juu ya kichwa. Kwa hiyo wengi wao hufunga bendera ndogo yenye rangi kali juu ya fimbo ndefu, na kioo pembeni.

Kwa nini nimewaletea habari hiyo? Kwa sababu katika vyama vyetu wamo wanachama wanaotumia baiskeli za magurudumu matatu za kuendeshwa kwa mikono. Wao nao huketi chini, na nyuma ya mzigo au kwenye majani marefu ya kando ya barabara hawaonekani kabisa. Fimbo ya mita moja na nusu na kitambaa chekundu au cha njano havihitaji fungu la kamati. Kila katibu aliye na mwanachama wa namna hiyo amfungie bendera kabla ya mzani wa kwanza, na kiakisi nyuma. Vile vile apimiwe bila kupangishwa foleni hadi jioni.

Hapo nimefika kwenye foleni, jambo ambalo liko mikononi mwetu kabisa. Mzee yule hakuchelewa kwa uzembe wake. Tulimchelewesha sisi, kwa kufungua mizani saa nne na kwa kuwapitisha kwanza wenye matrekta, kwa kuwa mizigo yao iliijaza ghala haraka na kuipendezesha hesabu ya siku. Napendekeza kwa vyama vyote msimu huu: mizani ifunguliwe saa moja asubuhi, waliotoka mbali kwa baiskeli wapewe namba zao na kupimiwa kabla ya saa tisa, na ifikapo saa kumi na moja jioni aliyebaki apokelewe mzigo wake ghalani kwa hati, auache, arudi nyumbani kwa mwanga wa jua, apimiwe kesho yake mbele yake mwenyewe. Najua makarani watasema ghala halitoshi na wanachama hawataamini kuacha pamba bila kupimwa. Hoja ya pili ina uzito, na imani hiyo hatutaipata kwa hotuba. Tutaipata kwa gunia lililofungwa lakiri mbele ya mwenyewe na kukutwa asubuhi likiwa vile vile.

Pili, katika orodha ya pembejeo mtakayoileta Chama Kikuu, ongezeni mstari wa vipuri: viakisi, mipira ya breki, mipira ya valvu, taa. Vinunuliwe kwa pamoja na kukatwa katika malipo kwa ridhaa ya mwanachama, kama tunavyofanya kwa mabomba ya kunyunyizia dawa. Tatu, fundi mmoja wa kijiji aalikwe kituoni siku mbili za mwanzo wa msimu. Wanaongoja foleni watapata la kufanya kuliko kulalamikia mizani, ambayo, nakiri, mara nyingine hustahili kulalamikiwa.

Ndugu Mwenyekiti, ratiba inasema sasa ni wakati wa maswali, lakini nimekwisha kuzungumza na fundi aliye pale nje chini ya mti, na ameleta spana, rula, na boksi la viakisi ambavyo nimevilipia mimi. Naomba tutoke sote, kila mtu asimame kando ya baiskeli yake, tuzipitie moja moja, tukianza na ya kwako, ambayo jana niliikuta haina breki ya nyuma.